Ukungu nauona, kwenye picha siuoni

*Mwalimu,*

*Mimi ni msichana wa Wete. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, zaidi zile shughuli za wanawake peke yao ambazo wapiga picha wanaume hawaingii. Nina kamera ya mtumba na lenzi mbili, ile fupi iliyokuja nayo na nyingine ndefu. Kazi inakwenda, alhamdulillahi.*

*Sasa nina ami yangu yuko Maskati. Aliondoka Pemba angali mdogo. Amejenga nyumba na anataka picha kubwa tatu za kutundika ukumbini. Hataki bahari wala machweo. Anataka ukungu wa asubuhi, ule aliokuwa akiupita akienda chuoni. Amenitumia na picha za Salalah akasema, "Kama hivi."*

*Nimetoka mara kadhaa baada ya sala ya alfajiri. Pengine nafika bondeni ukungu umeshaondoka. Pengine naukuta umelala juu ya mpunga, napiga, nikirudi nyumbani kwenye kompyuta naona kijivu kitupu, kama nimepiga kupitia kioo kichafu. Nilijaribu flashi, zikatoka nukta nyeupe picha nzima. Siku nyingine lenzi ikafanya mvuke, nikapangusa kwa mtandio mpaka nikachoka. Kaka yangu ananiambia nisijisumbue, niupachike ukungu kwa programu, ami hatajua. Mwengine anasema Pemba hakuna ukungu wa picha, niende Lushoto. Na bondeni mama mmoja alinikaripia nisimpige. Nifanye nini?*

*Mpiga picha wa harusi, Wete*

Mwanangu, maswali yako ni mengi na mengine yamo ndani ya mengine, kwa hiyo niruhusu niyajibu kwa mpangilio wangu.

Nianze na Salalah. Picha alizokutumia ami yako ni za ukungu wa aina nyingine kabisa, na ukiziweka mbele yako kama kipimo utachoka bure. Kule Dhofar, jimbo lenye Salalah, kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba, pepo za kusi-magharibi hupita juu ya maji ambayo msimu huo huwa ya baridi, kwa sababu maji ya kina kirefu hupanda juu karibu na pwani. Hewa yenye unyevu inapoa, inageuka ukungu, inasukumwa milimani na kukaa huko wiki baada ya wiki. Watu wa Maskati huufuata kwa magari, safari ya kama kilomita 1,000, wakimbie joto. Mpiga picha wa Salalah anaweza kulala mpaka saa tatu asubuhi, akanywa chai yake, na bado akaukuta.

Bahari yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima, haiwezi kutufanyia hivyo. Ukungu wa Pemba unatoka bondeni, na unatengenezwa usiku. Mvua imenyesha mchana, ardhi imelowa. Jioni mawingu yanaondoka na upepo unalala. Ardhi isiyo na wingu la kuifunika inapoteza joto lake usiku kucha, na hewa inayogusana na majani na maji ya mpunga nayo inapoa. Hewa baridi ni nzito, inateremka kutoka vilimani na kujikusanya chini. Ikifika mahali haiwezi tena kubeba mvuke wake, mvuke unageuka vitone vidogo sana, vya kama sehemu moja ya mia ya milimita, vyepesi kiasi cha kuelea. Jua likishapanda na kuipasha ardhi, vitone vinarudi kuwa mvuke na biashara imekwisha. Ukiniuliza kwa nini unafika umeshaondoka, jawabu ni hilo. Unautafuta asubuhi, na habari zake zilikuwa wazi tangu jana jioni.

Basi jifunze kuisoma jioni. Mvua iwe imenyesha siku hiyo au jana yake. Magharibi mbingu iwe imetakata, nyota zionekane, makuti ya minazi yasitikisike. Kabla ya kulala, kama saa nne usiku, toka nje upitishe kiganja kwenye tangi la pikipiki iliyolala uani. Likiwa limeshalowa umande mapema vile, tega saa yako. Likiwa kavu na unasikia minazi, lala, una harusi Jumamosi.

Kuhusu misimu, watu watakwambia kipupwe, kwa vile ndio wakati wa baridi. Ni kweli nusu. Juni hadi Agosti usiku unapoa vizuri, lakini kusi nalo linavuma, na upepo kidogo tu unautawanya ukungu. Wakati huo tafuta bonde lililojificha, lenye kilima upande wa kusi. Masika mvua ni tele ila usiku mara nyingi una mawingu, na wingu ni blanketi la ardhi, haliiachi ipoe. Kaskazi ikishika, Januari na Februari, ardhi inakauka. Mimi ningeweka matumaini kwenye vuli, hasa siku za malelezi, pale kusi limekufa na kaskazi bado haijakamata. Mvua inanyesha mchana, inakatika, usiku unakuwa shwari. Novemba ina asubuhi ambazo ami yako angezitambua.

Saa nazo zinabadilika, jihadhari. Julai jua la Pemba linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, Novemba linatoka kabla hata ya saa kumi na mbili kamili. Aliyezoea Julai akatoka nyumbani saa ileile Novemba atakuta jua liko juu ya migomba. Uwe umeshasimama mahali pako, kamera imeshawekwa sawa, nusu saa kabla ya jua. Kwa hiyo sala ya alfajiri usiisalie Wete halafu ndipo uanze safari ya mabonde ya Konde, kaskazini ya kisiwa. Salia huko huko kwa jamaa, au chagua bonde la karibu. Na usitoke peke yako. Mchukue kaka yako huyo mwenye programu, akushikie tochi na begi, huenda akapunguza maneno.

Sasa kijivu chako. Sikuziona picha zako, lakini nakuona wewe umesimama bondeni na jua liko nyuma ya bega lako. Ndivyo harusi zilivyokufundisha: mwanga umwangukie bibi harusi usoni, wewe uwe upande wa mwanga. Kwenye ukungu kanuni hiyo igeuze. Vitone vya maji vikipigwa na mwanga huusukuma sehemu kubwa mbele, vinarudisha kidogo sana kule ulikotoka. Ukilipa jua mgongo unapokea hicho kidogo kinachorudi, na ukungu unakuwa chokaa bapa iliyotandwa juu ya kila kitu. Geuka utazame mashariki, ukungu wenyewe unawaka, na kila kilichosimama kati yako na jua kinakuwa cheusi chenye kingo safi. Ukitaka kuhakikisha, simama palepale upige fremu moja ukitazama magharibi na nyingine ukitazama mashariki, dakika moja baina yao. Hutahitaji mwalimu tena kwa jambo hilo. Jua lenyewe lisiingie wazi kwenye picha, lifiche nyuma ya shina au kichaka.

La pili kuhusu kijivu ni kosa la kamera, na hili unalijua tayari ila hujalihamisha. Ukimpiga bibi harusi aliyevaa shela nyeupe, akajaza fremu, shela inatoka ya kijivu, sivyo? Mita ya kamera imetengenezwa ikiamini kwamba dunia, kwa wastani, ina mwanga wa kati, si nyeupe wala nyeusi. Ikionyeshwa weupe mwingi inadhani mwanga umezidi na inaupunguza. Ukungu ni shela ya bonde zima. Tumia kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza kuanzia theluthi mbili mpaka stopu moja, wakati mwengine na theluthi juu yake. Kisha tazama histogramu, usiiamini skrini, kwani gizani kila skrini inang'aa. Ule mlima wa grafu uwe umeegemea upande wa kulia bila kugonga ukuta. Anayetumia simu na afanye hivyo hivyo kwa kidole: gusa skrini, shikilia mpaka ifunge, halafu sukuma ile alama ya jua juu. Tena azime yale maboresho yanayojifanya yenyewe, maana simu nyingi zikiona utando hujitahidi kuuondoa.

Lakini hata mwanga ukiwa sawa, picha ya ukungu mtupu ni karatasi tupu. Hili ndilo ningependa ulichukue kuliko yote. Ukungu hauna umbo, hauna kingo, kamera haina cha kushika. Kazi yake ni kufuta. Chagua kwanza kitu utakachokiacha, kisha uuache ukungu ufute vilivyobaki. Kiwe kitu cheusi, chenye umbo linalosomeka kwa mbali, na kiwe karibu nawe.

Na Pemba haijakunyima. Mkarafuu ni mti uliozaliwa kwa kazi hii, una ncha juu na upana chini, majani yameshikana, ukiuweka mbele ya mwanga unakuwa mweusi mzima usio na matundu. Isitoshe mikarafuu yetu imepandwa kwa mistari. Ile tufani ya mwaka 1872 iliangusha mashamba ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu kwa wingi ni za huku, wewe unafaidi mistari hiyo bila kulipa. Simama mwisho wa mstari utazame mbele. Mti wa kwanza, hatua kumi kutoka kwako, ni mweusi. Ya katikati ni ya kijivu. Ya mbali imebaki kivuli, ya mwisho hujui kama ipo. Hapo kina cha picha kimejitengeneza chenyewe, bila rangi, bila mbinu. Tumia lenzi ndefu, rudi nyuma, miti itakaribiana na ngazi zile za kijivu zitapangana. Lenzi fupi itumie pale tu penye kitu karibu sana, tawi lenye umande au kisiki, vinginevyo itakurudishia anga jeupe na mstari mwembamba wa miti.

Kwenye mpunga kuna kitu kizuri zaidi, na sijui kwa nini hakipigwi. Dungu. Lile jukwaa la miti wanalopanda watu kuamia ndege mpunga ukianza kukomaa. Miguu minne membamba, kipaa kidogo cha makuti, na chini yake ukungu. Umepiga magoti, huioni ardhi, unaona dungu limesimama juu ya weupe. Kama kuna mtu juu yake, bora zaidi, na hapo ndipo tunapofika kwa yule mama.

Yule mama ana haki yake. Fikiria: ni alfajiri, yuko kazini kwake, nguo za kondeni, kichwa hajakifunga vizuri, anatokea mtu kwenye ukungu na chombo cheusi usoni. Mimi pia ningekaripia. Rudi kwake jioni, bila kamera. Msalimu, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani wa Wete, mwambie unatafuta nini na ni kwa ajili ya nani. Mwonyeshe picha yoyote ya mtu aliyepigwa dhidi ya mwanga, aone kwamba sura haisomeki, ni umbo tu. Akikataa, basi, pita kando ya bonde wala usimpige kwa lenzi ndefu kwa siri. Akikubali, muulize upite tuta lipi usikanyage mpunga, na muulize pia ukungu unakaa wapi zaidi na unaondoka upande gani kwanza. Amelima pale miaka, ataijua njia yake. Ukimaliza kazi mpelekee picha yake iliyosafishwa kwenye karatasi, ile anayoitaka yeye, amevaa vizuri, uso unaonekana.

Kuna mtu mwengine wa kumuuliza, naye ni ami yako. Amekwambia ukungu wa njia ya chuoni. Njia ipi? Chuo cha nani, kijiji gani, alikuwa akitoka nyumba ipi? Mpigie simu na umwache azungumze. Huenda bonde lenyewe liko dakika ishirini kutoka kwako na minazi yake mingine bado imesimama. Picha moja kati ya tatu ipigie hapo, hata kama mandhari yake si mazuri kama ya Konde. Kwa mtu mwengine itakuwa njia tu. Kwa ami yako ndiyo picha aliyoagiza, na hizo mbili nyingine ni nyongeza.

Kwa picha ya bonde zima, simama wapi? Juu ya mteremko, si chini bondeni. Ukiwa ndani ya ukungu unaona hatua chache, na wa kwetu ukiwa mwembamba hata hizo zinaonekana chafu tu. Panda kidogo mpaka kichwa chako kiwe juu ya utando, utazame ng'ambo ya bonde. Wanaopima hali ya hewa huhesabu ukungu kamili kuwa ule unaozuia kuona zaidi ya kilomita 1, na wetu mara nyingi haufiki huko. Maana yake unahitaji umbali ili ujikusanye machoni. Mita hamsini za ukungu wa Pemba hazionekani, mita mia tano zinaonekana vizuri. Hapa ndipo Pemba inapoishinda sehemu kubwa ya Unguja, kwa kilima baada ya kilima na bonde baada ya bonde. Moshi wa majiko ya asubuhi nao usiukimbie. Hewa ileile baridi inayoulaza ukungu inaulaza na moshi, utauona umenyooka juu ya mapaa kama uliokatwa kwa kisu.

Kwa picha ya tatu nenda Ngezi. Mle msituni hungoji usiku mtulivu. Mvua ikinyesha kisha jua likatoka, msitu unafuka wenyewe, na mwanga ukipenya kwenye mivule unashuka kwa miale. Barabara ya kutoka Konde kwenda Vumawimbi na Kigomasha inapita katikati ya msitu, kwa hiyo mengi utayapata ukiwa barabarani. Ukitaka kuingia ndani, zungumza na walinzi wa msitu siku moja kabla na ulipe kiingilio chao, maana saa unazozitaka wewe si saa za ofisi. Miale ya mwanga inataka kinyume cha yale niliyokwambia kuhusu kuongeza. Kule kuna weusi mwingi, kamera itataka kuung'arisha, nawe punguza theluthi moja au mbili ili miale isiungue.

Haya ya fundi niyapitie haraka. Flashi izime. Zile nukta nyeupe ni vitone vilivyo karibu na lenzi vilivyopigwa na mwanga wako mwenyewe kabla haujafika kokote. Fokasi ikihangaika kwenda mbele na nyuma, ielekeze kwenye ukingo wa shina, pale weusi unapokutana na weupe, au iweke ya mkono na ukuze picha kwenye skrini. Tundu la lenzi f/8 linatosha kwa karibu kila kitu. Tumia stendi, kwa sababu kabla ya jua mwanga ni mdogo, na kwa sababu stendi itakulazimisha usubiri. Ukungu unatembea, fremu mbaya ya saa hii inaweza kuwa nzuri baada ya dakika nne bila wewe kusogea. Rangi ya mwanga usiiachie kamera iamue, iweke kwenye alama ya jua, hapo ubuluu wa kabla ya jua utabaki buluu na udhahabu utakuja kwa wakati wake. Na piga kwa RAW. Kwenye ukungu kijivu kinapanda polepole kutoka giza kwenda mwanga, na ukiediti JPEG sana kile kipando kinavunjika kuwa mistari mistari, kwenye karatasi kubwa kila mgeni wa ami yako ataihesabu.

Lenzi inayofanya mvuke. Kama chumba chako kina kiyoyozi, kamera inatoka na baridi yake na hewa ya nje inailowanisha palepale. Itoe chumbani saa nzima kabla, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, umande ushike mfuko badala ya lenzi. Kama huna kiyoyozi, basi kamera imepoa huko huko shambani, ukiiacha juu ya stendi chini ya anga wazi inapata umande kama bati la nyumba. Ivishe lenzi kofia yake ya mbele, na baina ya fremu na fremu ifunike kitambaa. Na ule mtandio, mwanangu! Mtandio una jasho, chumvi na mchanga. Nunua kitambaa cha miwani, weka viwili mfukoni. Ukirudi nyumbani usiifungie kamera ikiwa na unyevu. Fangasi wa lenzi kwenye visiwa vyetu ni maradhi ya kweli, huanza kama nyuzi nyembamba ndani ya kioo na hazipanguswi. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, tia ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kamera ilale humo. Na kwa kuwa yako ni ya mtumba, leo usiku mulika tochi ya simu upande wa nyuma wa kila lenzi utazame kwa mbele. Ukiona nyuzi, jua mapema.

Lushoto nenda, ila si kwa kazi hii. Meli ikupeleke Tanga, upitie Mombo upande mlima, mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa kule ni mawingu yenyewe. Hewa ya Bahari ya Hindi inasukumwa juu ya Usambara, inapoa, inakaa juu ya miti. Hata Amani, katika Usambara hiyohiyo, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea mwaka 1902, msitu wake ni wa kujifunzia. Lakini ukimtundikia ami yako misitu ya Usambara ukaiita Pemba, miti itakusaliti. Mtu aliyekulia chini ya mikarafuu hakosi kujua kwamba haipo.

Na programu ya kaka yako? Hapana, na sababu yangu ya kwanza ni ya kazi. Ukungu wa kupachikwa mara nyingi unatandwa sawasawa, haujui kwamba mti wa mbele unatakiwa uwe mweusi na wa nyuma ufifie, haujui kwamba unalala chini na kuacha vilele. Ami ameupita akiwa mtoto, atauona umekaa vibaya hata kama hawezi kusema ni kwa nini. Sababu ya pili unaijua mwenyewe, amekuamini. Kuediti kwa kiasi ni halali yako. Tafuta shina lililo karibu kuliko yote, lishushe mpaka liwe jeusi hasa, kisha kila kitu kingine kiache kijivu kama kilivyo. Ile slaida ya kuondoa utando usiiguse, au iguse kwa kucha. Inafuta kile ulichoamkia.

Mwisho ni subira, na hapa nikutajie Mwingereza Michael Kenna, ambaye amekwenda Hokkaido, kaskazini mwa Japani, tena na tena, na mti mmoja kando ya ziwa Kussharo aliupiga msimu baada ya msimu. Usizunguke Pemba nzima. Chagua mabonde mawili, dungu moja, mstari mmoja wa mikarafuu, uvirudie mpaka ujue jua linatokea nyuma ya mti gani mwezi gani. Wapiga picha wengi wa ukungu ninaowaona wanahangaika na pikipiki, wanakuta kila mahali pamekwisha dakika tano zilizopita.

Kuhusu ukubwa: kamera ya megapikseli 20 inatoa karatasi ya kama sentimita 70 kwa 46 bila kulazimishwa, na hiyo inatosha ukuta wa ukumbi. Ami asafishe huko huko Maskati, aombe karatasi isiyong'aa, maana karatasi inayong'aa itaakisi taa zake zote kwenye weupe wa picha. Bei mwambie kabla hujatoka na kamera, ami au si ami, mafuta ya pikipiki hayajui ukoo. Na faili usimtumie kwenye WhatsApp kama picha, itakatwa ukubwa. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe, umwambie asiifungue kwenye simu kwanza.